Matanga ya Kikosi cha Kujitolea

Jumapili, tarehe 16 Julai 2017. Mtaa wa Bertrams, kusini kabisa mwa Afrika, uliamka na barafu nyembamba juu ya mabati, mbingu kavu bila wingu, na baridi iliyopenya hadi kwenye mifupa. Kanisani, katekista alifungua karatasi ya nia za Misa akasoma: "Tuwaombee marehemu wa Mama Hénock: Elija, Samweli, Kayusi..." Alipofika jina la nane, waumini walikuwa wamegeuka kumtazama mama huyo.

Léocadie, ndiye huyo Mama Hénock, fundi cherehani wa miaka hamsini na mmoja, aliinamisha kichwa. Majina aliyaandika yeye, kwa moyo safi. Alilosahau ni desturi ya kwao Kivu: aletaye majina ya wafu ndiye mfiwa.

Saa saba mchana ua wake ulikuwa umejaa. Mama Victorine, kiongozi wa akina mama wa parokia, alikuja na mikeka, sukari na gunia la makaa. Marcellin, mume wa Léocadie, mlinzi, alipanga viti huku akimnong'oneza mkewe, "Mama, tumefiwa na nani?"

"Pole, mpenzi," alisema Mama Victorine akimkumbatia. "Watu wanane! Ni barabara ao ni vita?"

"Ni vita."

"Yesu! Kule kwetu Beni?"

"Amerika."

"Eish! Viza walipata wapi?"

"Mama Victorine, walikufa mwaka 1863."

Wimbo wa maombolezo ulikatika katikati. Mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Léocadie alitamani ardhi immeze, kwani sasa ingembidi kutoboa siri: kwa miezi kumi na sita, jioni alizodai kwamba anapeleka nguo kwa wateja, alikuwa mtaa wa Braamfontein, katika shule ya jioni. Marcellin pekee ndiye aliyejua. Karatasi ya kwanza ya mtihani wa historia alishindwa. Fomu ya mtihani wa Novemba ilikuwa inafungwa kesho, naye alikuwa amekwisha kuamua kutoijaza, siri ife kimya kimya kama ilivyozaliwa.

Lakini wanawake hawa walikuwa wameacha vyungu vyao motoni. Uongo ungekuwa dhambi. Akaleta kitabu chake cha historia.

"Wakati huo Amerika ilikuwa inapigana yenyewe kwa yenyewe," alianza. "Hawa walikuwa watu weusi. Wengine walikuwa wametoroka utumwa. Hawakukamatwa njiani wakapewa bunduki, kama tulivyoona kwetu. Walikwenda wenyewe, wakajiandikisha katika kikosi cha askari wa miguu. Wakipigwa risasi walikufa; wakitekwa, waliweza kurudishwa utumwani. Walijua, na wakaenda."

"Wenyewe?" aliuliza mwanamke mmoja ambaye ndugu zake wawili walichukuliwa msituni Kivu.

"Wenyewe. Wiki hii inatimia miaka mia moja hamsini na minne tangu waliposhambulia ngome ya mchanga kando ya bahari. Waliokufa walifukiwa pamoja katika shimo moja. Nikajiuliza, Misa yao nani aliitoa?"

Hakuna aliyecheka tena. Léocadie akafunua ukurasa alioulilia mara nyingi. "Na katika vikosi kama hivyo wengi hawakujua kusoma. Walipomaliza gwaride walikaa na kitabu cha alfabeti, wanaume wenye ndevu, wakifuata herufi kwa kidole. Kesho vita, leo wanajifunza *a*."

Akakifunga kitabu. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemrudia kifuani, mazito kama mzigo uliompata mwenyewe.

"Na wewe?" Mama Victorine aliuliza taratibu. "Haya yote ulijifunza wapi?"

Akawaambia: shule, karatasi aliyoshindwa, fomu.

"Kumbe ndiyo wateja wa usiku!" alidakia mmoja, na ua ukalipuka kwa kicheko. Mama Victorine hakucheka. Alitandika mkeka wake, akaketi.

"Tulikuja kukaa matanga, na tutakaa," alisema. "Wafu wapo. Lakini mfiwa husimama akasema neno. Simama, Mama Hénock."

Léocadie alisimama. Marcellin alivua kofia yake ya ulinzi. Mkewe alifanya ishara ya msalaba, akawatazama uso kwa uso.

"Mbele ya Mungu, mbele ya mume wangu, na mbele yenu nyote: kesho nitaijaza fomu kwa mkono wangu, na Novemba nitaingia katika chumba cha mtihani."