Mgongo wa Baba Mkwe

Baba yangu Geresoni alikuwa mtu mzima wa miaka sabini na kitu, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe wawili na shamba la migomba pale Kisiba, na bado alikuwa anamkimbia mke wa mwanawe kama mtoto aliyevunja chungu. Akimwona anatoka jikoni, yeye anaingia migombani. Wakikutana njiani anaruka pembeni, anashusha kofia yake ya pama mpaka puani, anageuka na kusubiri mpaka hatua za mwanamke zipotee. Mara moja aliruka akatua kwenye mtaro, suruali ya kanisani ikaharibika, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Sisi Wanyakyusa ndivyo tulivyo, au ndivyo walivyokuwa wazee wetu. Baba mkwe na mkamwana hawaangaliani, hawasalimiani, hawali pamoja. Si chuki. Ni heshima, na mkwe anayekukwepa sana ndiye anayekuheshimu sana. Mjini tumeshaacha. Mimi kwangu Ibighi nakaa meza moja na baba wa mume wangu tunabishana habari za mpira. Wachungaji nao walishasema siku nyingi kwamba si lazima. Baba akawajibu kuwa heshima haijawahi kumuudhi Mungu, akaendelea kuruka mitaro.

Kazi ya kumfundisha mkamwana mambo haya ni ya mama mkwe, na mama yetu alikuwa ameshakufa. Mdogo wangu Lutufyo, dereva wa malori, alioa mbali, kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma alikokuwa akipeleka mahindi. Alimleta mkewe Kisiba na mtoto wa kike mgongoni, akakaa siku chache, akarudi barabarani. Yeye alidhani mimi nitamweleza mkewe. Mimi nilidhani ameshamweleza yeye. Na kusema kweli, nani hueleza jambo kama hilo? Tumekua nalo, na hatukumbuki siku tuliyofundishwa.

Mkewe aliitwa Nyamahoro. Alitoka milima ya mashariki mwa Congo, kwa wafugaji ambao majirani zao waliwaita wageni ingawa babu zao walizikwa palepale. Mrefu, mwembamba, mpole, na uso wake ulikuwa uleule uliowaponza kwao. Siku moja nilikwenda kuwatembelea, tukakaa uani tukimenya ndizi, naye akanisimulia bila mimi kumuuliza.

"Kwetu inaanzaka polepole, wifi," alisema. "Jirani anaacha kukusalimia. Kisha anaacha kukuangalia. Akikuona anageuza uso, anapita njia ingine. Mama yangu alisema wakishaacha kukuangalia sura, wanataka isiwe kazi ngumu siku ya kukuua."

"Halafu?"

"Halafu simu zikafa. Kisha basoda wakaja na bunduki zao, wakasema wametumwa kutulinda. Tukawachinjia ng'ombe. Asubuhi moja tukaamka, hawapo, na moto wao bado unatoa moshi. Wale wengine wakaja mchana."

Nilimuuliza wale wengine walikuwa wa upande gani. Akasema nao walivaa sare, na kwamba mama yake hakupata nafasi ya kuwauliza. Kaka zake wawili pia hawakupata.

Nililia. Wakati huohuo baba akatokeza nyuma ya banda la ng'ombe, akatuona, akageuka mbio na kofia yake usoni. Nyamahoro akasimamisha kisu katikati ya ganda. Mimi, nikitaka kumchangamsha, nikamwambia, "Huyo mzee anakuogopa kuliko simba." Hakucheka. Nikadhani ni huzuni ya yale aliyokuwa akiyasimulia.

Sasa najua alichokuwa akikiona kila siku. Alipika mbalaga, zile ndizi zetu za maharage, akaziweka kwenye kigoda, na mzee hakuzigusa mpaka yeye aondoke. Alimsalimia, mzee akampa mgongo. Lakini mtoto, Andongwisye, mzee alimbeba toka asubuhi mpaka jioni na kumnong'oneza Kinyakyusa, lugha ambayo mama yake haijui hata neno. Akaamini kwamba ukoo huu unamtaka mtoto na haumtaki yeye. Hakujua kuwa baba alikuwa akimwambia mtoto, mwambie mama yako apumzike, mwambie chakula ni kitamu. Hakujua pia kwamba zile ngazi za udongo kwenye mteremko wa kisimani, zilizomrahisishia kubeba ndoo, zilichongwa kwa jembe na mzee huyohuyo siku yeye alipokwenda gulioni.

Ikaja wiki ya uchaguzi. Tulisikia kuna fujo Mbeya, mtandao ukazimwa, Lutufyo akakwama Tunduma na lori lake na hakuweza kumtumia mkewe hata ujumbe. Magari ya jeshi yakaanza kupita. Kisiba watu walijifungia ndani, kila mtu na mlango wake, hata kusalimiana kukapungua kwa kuwa hapakuwa na wa kumsalimia. Sisi wote tuliogopa. Ila sisi tulikuwa tunayaona mambo haya kwa mara ya kwanza, na Nyamahoro alikuwa anayaona kwa mara ya pili.

Asubuhi moja, mvua ikinyesha, alikutana na baba kwenye kona ya kisimani, karibu wagongane. Baba akarukia migombani bila sauti. Nyamahoro akaiacha ndoo palepale. Akarudi, akamfunga mtoto mgongoni, akachukua mfuko mmoja, akashika njia ya kuelekea Kyela avuke mpaka aingie Malawi.

Baba alimwona akiondoka. Aliniambia mwenyewe baadaye, kitandani hospitali: "Ningefanyaje, mwanangu? Kumwita siwezi. Kumshika mkono siwezi. Na mtoto wa watu anaondoka na mvua ile." Akagonga mlango wa jirani, haukufunguliwa. Basi akamfuata. Akamfuata kwa adabu zake, yaani hakutembea barabarani nyuma ya mkwewe, alipita pembeni, ndani ya migomba.

Fikiria mwanamke aliyetoka alikotoka, yuko peke yake na mtoto, anaona kofia ndani ya majani. Akisimama, kofia inasimama. Akienda, inakwenda. Nyamahoro akakimbia. Baba naye akakimbia, kwa miaka yake ile, kwenye ule mteremko unaoshukia korongoni ambao hata mbuzi huuheshimu wakati wa mvua. Nyamahoro akasikia kishindo, kisha mguno, kisha kimya.

"Nilijiambia niende," alinisimulia. "Mungu amemwangusha, niende. Miguu ikakataa."

Akashuka. Baba alikuwa amelala chali, paja limevunjika, na aliposikia hatua zake kitu cha kwanza alichokitafuta ni kofia. Ilikuwa imebingirika mbali. Akajifunika uso kwa mikono miwili yenye matope. Nyamahoro akaiokota kofia akamwekea kifuani, na mzee akaishika na kujiziba nayo bila kumtazama. Yeye akaelewa kwamba hata akiwa anakufa mzee huyu hataki kuiona sura yake. Na bado akapanda tena barabarani kutafuta msaada.

Gari lililokuja lilikuwa lori la jeshi.

Hapa huwa nashindwa kusimulia vizuri. Nyamahoro alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza nyuma ya jiwe kubwa chini ya majani ya mgomba, akamwambia asilie. Kisha akaenda kusimama katikati ya barabara, mikono juu, mbele ya watu wa aina ileile aliyokuwa akiikimbia maisha yake yote. Alifanya hivyo kwa ajili ya mzee ambaye yeye aliamini anamchukia.

Wakashuka askari. Aliponena tu, mmoja akasema, "Wewe si wa hapa." Karatasi zake zilikuwa zimelowa mfukoni, hazisomeki. Wakamshika mkono wakashuka naye korongoni, wakamkuta mzee amevunjika mguu na amejiziba uso. Mkubwa wao akamtazama mzee, akamtazama mwanamke.

"Mzee, huyu mama amekufanya nini? Mbona unaogopa kumwangalia?"

"Hajanifanya kitu," baba akajibu ndani ya kofia, kwa Kiswahili, kwa kuwa aliulizwa kwa Kiswahili. "Ni mkamwana wangu. Kwetu mkwe haangaliwi, anaheshimiwa. Mwachie mkono, baba. Na mwambie arudi nyumbani, mtoto ataugua na mvua hii."

Nyamahoro alikaa chini kwenye matope. Kwa miezi yote aliyokaa pale, hilo ndilo neno la kwanza la mkwewe alilolielewa.

Wale askari, Mungu awape heri, walimbeba baba kama yai mpaka kwenye lori, Nyamahoro akamtoa mtoto nyuma ya jiwe, na askari mmoja akavua koti akamfunika. Safari nzima ya kwenda Tukuyu, Nyamahoro alikaa akimpa baba mgongo, hakugeuka hata mara moja, na askari wakadhani wamegombana.

Mfupa ungeunga. Kilichomwua baba ni kifua, baridi ya lile korongo ilimwingia mapafuni na haikutoka. Nyamahoro alihamia kwangu Ibighi. Kila asubuhi alipika uji, akaupeleka hospitali, akasimama nje ya mlango wa wodi akiwa ameupa kisogo, na mimi nikaingia na kikombe na Andongwisye. Baba akinywa alimwambia mtoto, "Ndaga." Mtoto alitoka nje akarudia, "Ndaga." Ni asante yetu. Nyamahoro alilijifunza neno hilo pale mlangoni.

Siku moja nilikasirika. Nilikuwa nimechoka na hasira zangu zilikuwa nyingi: kwa Lutufyo aliyefika na kukaa tu kwenye benchi akilia, kwa wale walioondoka asubuhi na kuacha moto unatoa moshi, kwa kila mtu aliyemfundisha mwanamke huyu kusoma kifo kwenye kisogo cha mtu. Nikamwambia baba, "Mwangalie tu. Mara moja. Ameteseka vya kutosha."

Baba akapumua kwa shida. "Nikimwangalia leo, Tulinagwe, siku zote zile nilizomkimbia zitakuwa ni chuki kweli. Ataona kumbe niliweza." Akafumba macho. "Mwache abaki na heshima yake kamili."

Alikufa kabla Lutufyo hajapewa ruhusa nyingine kazini.

Tulimzika Kisiba, kwenye migomba yake. Watu walijaa, kwa sababu barabara zilikuwa zimefunguliwa na kila mtu alitaka kutoka ndani. Ulipofika wakati wa kutoa heshima za mwisho, tukapanga foleni kupita kwenye jeneza na kumwangalia. Wakamwana wa siku hizi wote walipita, wakaangalia, wakalia. Nyamahoro alipofika hatua kadhaa kutoka jeneza alitoka kwenye foleni. Akaingia migombani, akasimama huko, amegeuka, kitambaa kimemfunika uso. Niliona mabega yake yakitikisika, na nilimsikia akisema ndaga, ndaga, kwa ile sauti yake ya kwao.

Mama mmoja aliyetoka Kiwira, simjui, akamnong'oneza mwenzake, "Yule Mkongo ana roho gani? Hata maiti anaikataa." Nilimwendea. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia na yote yalikuwa ya matusi, na ulikuwa msiba wa baba yangu. Nikamwambia tu kwamba huyo ndiye mkamwana pekee aliyepo hapa leo, wengine wote tumekuja kuangalia maiti.

Baada ya arobaini Lutufyo aliitundika sebuleni picha ya baba tuliyoitumia msibani. Nyamahoro akawa anapita sebuleni ameinamisha kichwa, anapapasa ukuta. Tukaitoa. Iko kwangu Ibighi, ndani ya kabati.

Juzi nilikwenda kuwaona. Tulikaa uani palepale, tukamenya ndizi. Mvua imezibomoa ngazi za kisimani, na nilimkuta ameanza kuzichonga upya. Akaniuliza bila kuinua macho, "Wifi, baba alikuwa na sura gani?"

Nikamtazama Andongwisye aliyekuwa akiwakimbiza kuku. Paji la uso pana, masikio makubwa, masikini mtoto, na ule mdomo wa chini unaotangulia akikasirika.

"Mwangalie mwanao," nilimwambia.

Akaweka kisu chini. Akamwangalia, akamwangalia, kisha akavuta kitambaa chake na kujifunika uso.