Mparachichi wa Kati ya Milango Miwili

Jumatatu saa mbili asubuhi, Mwantum, ambaye wengi walimwita Mama Hayat, aliweka kreti la maparachichi ya kuonyesha kwenye korido ya ghorofa ya pili, katikati ya milango miwili inayotazamana. Nyuma ya mmoja aliketi Népomuscène, mkuu wa idara ya vibali vya kupeleka bidhaa nje. Nyuma ya wa pili aliketi Méthode, rais wa chama cha wasafirishaji wa matunda, aliyependa kuitwa Président. Mzigo wenyewe, magunia mia mbili, ulikuwa bandarini, na meli ya kwenda Kigoma ingeondoka Alhamisi saa kumi jioni.

Kibali kilihitaji saini mbili tu. Zamani ofisi hizo zilikuwa na ugomvi, na kila moja ilikimbilia kusaini ili kuikomoa nyingine. Tangu zitie sahihi mkataba wa ushirikiano, hakuna aliyethubutu kumtangulia mwenzake.

"Mi niko tayari, Mama Hayat," alisema Népomuscène. "Lakini nisaini kabla ya Président? Atanionaje?"

Ng'ambo ya korido, Méthode alimmiminia Mwantum Fanta. "Direkta kwanza, mama. Serikali ni mukubwa."

Jumanne maparachichi yalichipua. Mwantum, aliyekwisha kuvuka korido hiyo mara kumi na tisa, alisogeza kiti kupisha mizizi. Jumatano mti mmoja ulitoboa dari, kisha mabati, na mfagiaji akaanza kukusanya majani bila kuambiwa. Waliokuwa wakingojea vibali vya kahawa na ngozi walihamia kivulini, wakamshukuru Mwantum.

"Mti muzuri," alisema Népomuscène. "Uko upande wangu ama wa Président?"

Walipima kwa rula. Shina lilikuwa katikati kabisa. Wakaunda tume ya pamoja.

Alhamisi saa nane mchana mti ulizaa. Népomuscène alilitazama faili la Mwantum kwa huzuni ya kweli.

"Hapa umeandika avoka zinatoka Kayanza. Hizi zinatoka korido."

"Maparachichi ya mashamba ya Kayanza yako bandarini, Direkta. Haya ni baraka ya Mungu tu."

"Baraka ya Mungu haina fomu, mama. Tuanze upya."

Mwantum alikaza kitenge chake, akaupanda mti. Alipotokeza juu ya mabati aliliona ziwa lote, na meli, na magunia yake yamepangwa gatini kwenye jua. Saa kumi kamili meli ilipiga honi.

"Mama Hayat!" waliita wakuu wote wawili kutoka chini. "Tutupie moja ya kuiva!"

Akachuma moja. "Nani aanze?"

"Président," alisema Népomuscène.

"Apana, apana! Direkta kwanza."

Mikono minne ilinyooshwa, kisha ikarudi nyuma kwa adabu. Mwantum alingoja mpaka meli ilipogeuza mgongo. Halafu akakaa vizuri kwenye tawi, akalipasua tunda kwa vidole, akalila lote. Kokwa akaliangusha chini, katikati kabisa ya milango miwili.