Wawili wa Mwisho Kupanda

Dada yangu alikuwa amekalia sanduku lake katikati ya uwanja mtupu wa maegesho, mkoba magotini, mgongo umenyooka, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nyuma yake hapakuwa na meli. Palikuwa na maji tu, ya kijivu, na shakwe mmoja aliyekuwa akitembea kwenye ukingo wa gati kana kwamba amekabidhiwa zamu.

Noreen, jirani yangu aliyenileta, alisimamisha kigari chake akazima redio. Noreen hazimi redio hata msibani.

"Maxine," akanong'ona, "yule si Glenda?"

"Ndiye."

"Na meli je?"

"Noreen, nenda nyumbani."

Aliondoka shingo upande, akinitazama kwenye kioo mpaka alipokata kona ya geti. Nilijua kwamba kabla hajavuka daraja la kurudi kwetu Woolston, nusu ya mtaa itakuwa imeshapata habari. Simlaumu. Ningekuwa mimi, ningewapata wote.

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini mchana. Tulikuwa tumepangiwa kujiandikisha saa saba kamili. Milango ya abiria ingefungwa saa tisa na nusu, na saa kumi na moja meli ingeondoka Southampton kwenda Norway na mama yetu ndani, aliyetimiza miaka themanini siku hiyohiyo, tukiwepo au tusiwepo. Na mimi na Glenda tulikuwa na miaka tisa hatujasemezana.

Kosa lilikuwa langu, ingawa siku hizo ningekubishia mpaka jua lizame. Mume wake, Malcolm, alimwacha akaenda kuishi na mwanamke wa kwaya. Glenda alinipigia simu kutoka Leicester analia, yeye ambaye hata Baba alipokufa alilia akiwa ameufunga mlango wa choo, akaniambia: usimwambie mtu, hasa Mama, nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu. Nikaapa. Hiyo ilikuwa Jumanne. Ijumaa Mama alikuwa kwenye foleni ya samaki na chipsi, mwanamke wa nyuma yake akamgusa bega akamwambia pole kwa yaliyomkuta Glenda.

Nilijitetea kwamba nilikuwa nimebeba uchungu wa dada yangu na uchungu haubebeki peke yako. Maneno mazuri. Ukweli ni kwamba jikoni kwangu kulikuwa na watu sita, chai ilikuwa ya moto, na mimi nilikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho.

Miaka tisa Mama alikula Krismasi mara mbili, moja kwa Glenda, moja kwangu. Alipokaribia themanini tukamuuliza, kila mmoja kwa simu yake, anataka nini. Akatujibu jibu moja. "Sitaki keki. Nataka chumba kimoja, vitanda vitatu, siku saba." Alikuwa ameshalipa.

Basi siku ya safari nikaijaza nyumba. Ni desturi yetu, mtu akisafiri aagwe, lakini mimi nilialika mtaa mzima kuanzia saa tatu asubuhi. Walikuja na biskuti, walikuja na mto wa shingo, mmoja akaja na dawa za kichefuchefu zilizokwisha muda. Saa sita na nusu Noreen akasema twende. Nikatia maji kwenye birika. Saa saba akasema tena. Nikaanza kusimulia habari za dada yangu na majivuno yake, na watu wakacheka, na kadiri walivyocheka ndivyo nilivyozidi kumimina chai. Nikawaambia kutoka kwangu hadi bandarini ni dakika kumi tu, na hilo ni kweli. Watu wa Scotland hulala hotelini usiku wa kuamkia safari ili wawe wa kwanza kwenye foleni. Sisi tunaosikia honi za meli tukiwa kitandani ndio tunaofika mwisho.

Lakini sikuchelewa kwa kupuuza ukaribu. Nilikuwa najichelewesha. Nilitaka milango ifungwe nikiwa njiani, niwe na cha kusema: jamani, nilijaribu. Noreen ndiye aliyenyanyua sanduku langu akalitia garini bila kuniuliza.

Na hata hapo sikufika penye meli. Bandari yetu ina mageti mengi, na kila meli ina jengo lake. Baba yetu, Reg Tizzard, alipakua mizigo Geti Namba Nne kwa miaka thelathini na mbili. Tulimpelekea chakula pale tukiwa na soksi za shule. Mgeni husoma tiketi yake. Binti wa Reg Tizzard atasoma tiketi aende bandarini? Nilimwambia Noreen Geti Namba Nne kama mtu anavyotaja jina lake.

Nikaburuta sanduku langu mpaka alipoketi.

"Meli iko wapi?" nikauliza. Ndilo neno langu la kwanza kwake baada ya miaka tisa.

"Unaiona?"

"Siioni."

"Basi haipo." Akaangalia saa. "Iko Geti Namba Kumi."

"Na wewe unafanya nini hapa?"

"Teksi imenileta hapa," akasema, akasimama akajipangusa sketi.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Glenda, aliyefanya kazi ofisi za manispaa maisha yake yote, anayesoma maandishi yaliyo nyuma ya kopo la rangi, alikuwa amekosea geti kama mimi! Alipiga simu kuita teksi. Meli nne zilikuwa zinaondoka siku ile. Wakamwambia dakika arobaini. Nikampigia Noreen arudi, simu yake ikawa inatumika. Mama simu alikuwa nayo, lakini alikuwa ameizima ndani ya mkoba ili chaji isiishe, kama alivyofanya tangu aliponunuliwa simu hiyo.

"Tutembee," Glenda akasema.

"Na miguu yangu hii?"

"Ulitaka tutumie ya nani?"

Kutoka Geti Namba Nne hadi Namba Kumi ni kama maili mbili, na barabara inafuata ukuta wa bandari. Picha yetu ilikuwa ya kuchekesha: wanawake wawili wa miaka hamsini na kitu, mmoja mrefu mwenye koti lililofungwa mpaka kidevuni, mwingine mfupi mwenye kofia ya jua isiyokuwa na jua, masanduku yakinguruma kwenye lami kama gari moshi. Dakika kumi za mwanzo hatukusema kitu. Mimi kunyamaza dakika kumi ni ugonjwa.

"Nilimwambia Noreen tu," nikasema hatimaye.

Hakujifanya hajui ninachozungumzia. "Kumwambia Noreen ni sawa na kulibandika kwenye basi."

"Sikuwa na nia mbaya, Glenda."

"Najua. Ungekuwa na nia mbaya ningekusamehe mapema."

Nikasimama. Yeye hakusimama, kwa hiyo ikanibidi nikimbie kumfuata, na ndiyo sababu kilichotoka kinywani kilitoka na pumzi ya kuhema. "Hivi unajua mimi nimekuja kwako mara mbili? Nimekuja mpaka Leicester, nimekaa kituoni, nimerudi!"

"Ungebisha hodi ungekufa?"

"Ungenifungulia?"

"Ungebisha ungejua!"

Tulikuwa tunapita kando ya bustani ya ufukweni, pale wenyeji husimama kupungia meli zinazotoka. Mzee mmoja mwenye mbwa akatupisha njia. Nilimwambia Glenda ana roho ya kabati la chuma. Akaniambia mimi nina mdomo wa mlango wa dukani, kila anayepita anausukuma. Nikamwambia angalau dukani watu huingia. Akasema kweli, na wakitoka hutoka na mali ya watu. Kisha, bila kupunguza mwendo, akanyoosha mkono akachukua sanduku langu, akayaburuta yote mawili, moja kila upande, na mimi nikabaki nimebeba kofia.

"Samahani," nikasema.

"Nini?"

"Nimesema samahani. Uliniambia nisimwambie mtu, nikaapa, nikasema. Nilisema kwa sababu nilikuwa nafurahia kusikilizwa."

Masanduku yalinguruma muda mrefu.

"Hilo la mwisho," akasema, "ndilo nililokuwa nalisubiri. Ongeza mwendo."

Tuliingia jengo la abiria saa tisa na dakika ishirini na saba. Ukumbi ule unaweza kubeba watu elfu mbili. Walikuwamo karani mmoja, mfagiaji mmoja, na Mama yetu kwenye kiti cha magurudumu, amevaa kofia yake ya harusi za watu, na sahani ya biskuti mapajani. Jirani yake wa nyumba za wazee alimfikisha saa saba kasoro dakika tano. Kila alipoambiwa apande alijibu kwamba ana vitanda viwili havijafika.

Sisi tulikuwa bado tunagombana. Tulikuwa tumeshahama kutoka kwangu tumefika kwa Malcolm, na Glenda alikuwa ananiambia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake kwamba hata hivyo mwanamke wa kwaya ameshamchoka, anamlaza chumba cha wageni.

Mama alitusikia kabla hajatuona. Akamgeukia karani.

"Hao wanangu," akasema, kama anayetambulisha mawaziri. "Wanagombana."

"Mlipangiwa saa saba," karani akatuambia, akitupiga picha za kadi za kupandia haraka haraka.

"Tunajua," tukajibu kwa pamoja, na Mama akafunga macho kidogo, kama mtu aliyeonja supu akakuta chumvi imekaa.

Tulipovuka daraja la kupandia, waliokwisha kujiweka kwenye roshani zao na vinywaji mkononi walitupigia makofi. Ni uungwana wa abiria wa mapema kwa waliochelewa. Hupiga makofi ya kukuchoma. Mama aliwapungia wote, kulia na kushoto. Hajafika mlangoni nikasikia nyuma yangu milango ikifungwa.

Siku ya nne tulikuwa ndani ya ghuba nyembamba ya Norway, milima imesimama pande zote mbili kwenye mvua, maporomoko ya maji yakishuka kimya kwa umbali. Mama alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana. Glenda aliketi dirishani na kitabu ambacho hakuwa anakifungua.

"Ile barua niliisoma," akasema.

"Barua gani?"

"Ya kubadilisha geti. Ilikuja wiki mbili kabla. Ilisema tusiende Namba Nne, twende Namba Kumi, kwa herufi nyekundu."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, nikahitaji kuketi, na nilikuwa tayari nimeketi.

"Lini umewahi kunikuta sijasoma barua?" akaendelea, akiiangalia milima. "Nilijua wewe hutaisoma. Nilijua utakwenda kwa Baba. Namba yako niliifuta zamani, kwa hasira. Nikafika pale saa sita."

"Saa sita! Glenda, nimekuja saa tisa kasoro! Si ungemwambia Mama anipigie usiku wa jana yake?"

"Mama angejua nakutafuta."

Karibu saa tatu nzima, juu ya sanduku, katikati ya uwanja, na upepo wa bandari naujua. Muda wote huo mimi nilikuwa jikoni nawachekesha watu kwa majivuno yake.

"Mimi nami," nikasema, "sikuchelewa kwa bahati mbaya."

"Hilo nililijua vilevile. Ndiyo maana nilibeba sandwichi mbili." Akafungua kitabu. "Nikazila zote. Usiku mwema."

Ilikuwa saa tisa mchana.

Jioni ile mezani tulipangwa na mume na mke kutoka Swindon, watu wazuri, waongeaji, wa aina yangu kabisa. Mama alikuwa anapambana na mguu wa kaa. Yule mke alitutazama, akatutazama tena, uso ukamng'aa.

"Jamani, si nyie mliofika mwisho siku ya kwanza? Sisi tulikuwa roshanini! Tukasema hapa pana kisa. Hebu tuambieni, kulikuwa na nini?"

Akasogeza kiti. Mume wake akasogeza kiti. Ninawajua watu wanaosogeza viti. Nimewapikia chai miaka thelathini. Na kisa nilikuwa nacho, kizima, kina mwanzo na kina sanduku na kina sandwichi mbili, kisa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika mkononi. Glenda alikuwa ameacha kukata nyama. Hakuniangalia. Aliangalia kisu chake.

"Njia," nikasema. "Njia zilikuwa mbaya siku ile."

"Njia tu?"

"Njia tu."

Yule mke akageukia habari za hali ya hewa. Nikachukua mkate, nikaumega. Glenda akanyoosha mkono kupita chupa ya maji, kupita sahani ya Mama yenye maganda ya kaa, akanisogezea siagi.