Namba ya Mama Tsana

Barua ilisema waya za shaba zinaondolewa mtaani kwetu, na asiyetaka kupoteza namba yake ya simu ya mezani athibitishe kabla ya tarehe thelathini. Kuthibitisha ni dakika tatu tu, ilisema. Mimi nimechomelea mabomba ya moshi ya magari hapa Lom, Bulgaria, karibu miaka thelathini, na sijawahi kumwambia mteja dakika tatu.

Namba yenyewe haina maana kwa mtu mwingine. Hakuna anayetupigia ila wauza sufuria na watu wa kura. Lakini mdogo wangu Iliyan anaijua kwa moyo, na ndiyo pekee anayoijua. Aliondoka miaka kumi na moja iliyopita kwenda kujenga nyumba za watu Hispania, akahama, akahama tena. Miaka sita iliyopita, siku ya Pasaka, alipiga akiwa Ureno. Akamwambia mama ameibiwa begi, simu na karatasi zake zote, na kilichobaki kichwani ni namba ya nyumbani tu.

Mama anadhani hiyo ndiyo simu ya mwisho. Siyo. Wiki mbili baadaye alipiga tena, nikapokea mimi. Alikuwa amelewa na analia, nami ndiyo kwanza nimeingia kutoka kazini, sijavua hata viatu. Nikamwambia asipige tena mpaka pombe imtoke. Akasema sawa, kaka. Hajapiga tena.

Mama anaitwa Tsana, ana miaka themanini na mmoja. Kiharusi kilimchukua sauti na mkono wa kulia miaka miwili iliyopita, lakini akili ni nzima. Kila alasiri anainua mkonga wa simu kwa mkono wa kushoto, anasikiliza kama mlio upo, anaurudisha. Akishaurudisha ndipo anakubali kula.

Laini iko kwa jina lake, kwa hiyo ni yeye aliyetakiwa kuthibitisha, kwa kamera, kwenye simu ya kisasa. Nikatumia yangu, yenye ufa kwenye kioo. Siku ya kwanza mashine ilisema sogea karibu, halafu sogea mbali. Ikasema kitambulisho kinang'aa. Nikafunga pazia, ikasema kuna giza. Nikalifungua nusu, nikamshika mama kidevu, nikamshikia kitambulisho shavuni, na simu nikaiegemeza kwenye chupa ya siki. Chupa ikaanguka. Ilibidi tuanze upya, na ukianza upya inakuuliza tena jina la baba wa mama yako.

Siku ya pili akaja jirani yetu Vutka na sahani ya mkate wa jibini. Alisimama nyuma yangu akinishauri.

"Mpake unga usoni, labda itampenda," akasema.

"Vutka, rudi nyuma."

"Mimi niko nyuma."

Mashine ikasema imeona nyuso mbili, ikajifunga kwa saa ishirini na nne.

Siku ya tatu nilimfungia Vutka mlango. Nilimchana mama nywele, nikamvika blauzi ya bluu. Kitambulisho kikapita. Akaambiwa afumbe macho, akafumba. Akaambiwa afungue mdomo, akafungua, mate yakamtoka upande mmoja, nikayafuta haraka. Kisha sauti ya mwanamke, tamu kama ya mtangazaji, ikamuuliza kama yeye mwenyewe anakubali namba yake ihamie kwenye laini mpya. Ajibu kwa sauti au kwa kichwa. Mama akajibu kwa kichwa. Ikamshukuru, ikasema jibu limepokelewa. Nilimmiminia kijiko kimoja cha rakia, pombe yetu kali, daktari hayupo, na mimi nikanywa glasi mbili. Mama alicheka kwa ule upande wa uso unaoweza kucheka.

Jumatano ya wiki iliyofuata aliinua mkonga, akasikiliza, hakuurudisha. Akaninyooshea. Nikaweka sikioni, kimya. Nikamwambia ni mafundi wako nguzoni.

Dukani kwa kampuni ya simu unachukua tiketi kwenye mashine, halafu unangoja skrini ikuite. Nilikuwa mtu pekee mle ndani, bado nikachukua tiketi, bado nikangoja. Binti aliyeniita anaitwa Teodora. Namfahamu, nilishamtengenezea baba yake gari. Akaandika namba, akasoma, akasoma tena.

"Mteja amekataa," akasema.

"Mteja gani?"

"Mama. Aliulizwa kama anakubali, akakataa. Kwa hiyo namba imefungwa."

Nikamwambia nilikuwepo, nilimshika kidevu kwa mkono wangu huu. Haruhusiwi kuwaonyesha watu, lakini akanigeuzia skrini. Mama yangu alikuwa pale na blauzi yake ya bluu, mwanga wa dirisha usoni, akitikisa kichwa kushoto na kulia, mara mbili, polepole, kwa nguvu zake zote. Hivyo ndivyo tunavyosema ndiyo. Hata mtoto anayenyonya huku kwetu anasema hivyo. Ukikataa ndipo unainua kidevu juu.

"Si amekubali huyu?"

"Amekubali, mzee wangu. Hata mimi namwona. Ila programu imenunuliwa nje, na huko kichwa kikienda kushoto na kulia ni kukataa."

"Yaani alitakiwa aseme hapana ili isikie ndiyo?"

"Ndiyo," akasema, na kichwa chake kikaenda kushoto na kulia. Akajiona kwenye kioo cha kaunta, akakisimamisha.

Malalamiko yanapokelewa, akasema, lakini lazima yatoke kwa mwenye laini, kwa sauti yake, yarekodiwe. Nikamwambia mwenye laini hana sauti. Akasema basi niwe na hati ya kumwakilisha. Namba watanishikia siku arobaini, baada ya hapo inarudi sokoni. Nilimwita majina nisiyoyarudia hapa. Alichukua simu yake mwenyewe akapiga makao makuu, nami nikasikia kutoka upande wangu wa kaunta muziki uleule ninaowekewa mimi nikipiga. Alishikilia dakika ishirini. Muziki ukakatika, akapiga tena.

Wakili wa hati alitaka kusikia kauli ya mama kwa mdomo, au kuona sahihi yake. Mkono wa kulia umekufa. Kwa wa kushoto alichora kitu kama uzi uliokatika, wakili akakikataa. Nikamwambia muulize, atakujibu kwa kichwa, wewe ni mtu, utamwelewa. Akasema kuelewa kwake hakuandikwi kwenye hati, niende mahakamani niombe kuwa msimamizi wake. Mahakamani karani alinipa tarehe ya Februari. Tulikuwa Oktoba. Niliandika barua nne kwa kampuni nikieleza kiharusi, mkono, kichwa, kila kitu, nikaweka na cheti cha hospitali. Zote zilijibiwa ndani ya dakika moja: mwenye laini apige simu tafadhali.

Siku hizo zote mama alinyanyua mkonga saa yake ileile, na mimi nikasema mafundi. Nilisema mvua. Nilisema nguzo imeoza wanaleta nyingine. Alikuwa ananitazama kama alivyonitazama nikiwa darasa la saba, niliporudi nyumbani na kusema shule imefungwa, kumbe nimeacha.

Siku ya arobaini na tatu, nikiwa karakana, chini ya gari la mtu, nilitoa simu nikaipiga namba ya nyumbani. Iliita. Nikainuka ghafla, nikajigonga kichwa kwenye chuma. Ikapokelewa. Mwanamke, sauti tamu, akanishukuru kwa kuchagua kampuni fulani ya kusafirisha mizigo. Kama nafuatilia mzigo nibonyeze moja. Kama mzigo umeharibika, mbili. Nilingoja aje mtu nimweleze, kwamba akipiga mwanamume, huenda amelewa, huenda analia, amwambie tupo. Hakuja mtu. Sauti ikarudia ya kwanza, ikarudia tena, ikasema haijapokea chaguo langu, ikakata. Iliyan akisikia yule mwanamke, atajua nini? Kwamba nyumba imeuzwa na mama amekufa. Na kwamba kaka yake hakumtafuta.

Nilifunga karakana saa tisa, gari la watu likiwa bado juu ya vyuma. Mama alikuwa kwenye kiti chake kando ya simu. Nikavuta stuli, nikamwambia. Kwanza habari ya kichwa na mashine. Akasikiliza. Nikamwambia namba sasa ni ya watu wengine. Halafu, sijui kwa nini, labda kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia ile simu ya pili ya Iliyan, aliyopiga akilia, na nilichomjibu. Nilimpa maneno yenyewe kama nilivyoyasema, sikuyapunguza.

Hakulia. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya mkonga, akautoa, akauweka mapajani. Akageuza uso ukutani.

Nikapasha supu ya maharage, nikaleta kijiko mdomoni kwake. Akabana midomo. Nikajaribu upande ule mwingine, ambao hauna nguvu, lakini hata huo aliuzuia. Nikamwita mama, nikamwita tena.

Nikakaa na kijiko mkononi mpaka supu ikapoa. Kisha nikainywa mimi, kwa sababu sikujua nifanye nayo nini.