Waliopanda Kigari cha Baba

Pikipiki ilizimika saa nane na dakika kumi mchana, katikati ya mlima, kilomita tatu tu kutoka lango la mgodi wa makaa. Ilikuwa ya Kiingereza, ya mwaka 1951, yenye kigari cha pembeni, na marehemu Mhlabunzima Khumalo aliipenda kuliko alivyowapenda mashemeji zake wote kwa jumla. Ndiyo maana watoto wake walikuja kumchukua nayo. Mzee asingepanda teksi.

Mhlabunzima, kiongozi wa zamu, alifia mgodini miezi kumi na minne iliyopita. Mgodi ulisema ni yeye peke yake aliyefunikwa na mwamba, na kwamba mwili hautoki. Familia ikazika koti lake, roho ikabaki langoni, na mkewe tangu hapo alikuwa ndani ya nguo nyeusi, hapati usingizi. Ilibidi afikishwe nyumbani leo, Jumamosi, kabla jua halijazama. Likizama akiwa njiani, angebaki barabarani moja kwa moja.

Roho huchukuliwa kwa tawi la mkunazi mwitu. Hulibeba mtoto wa kiume wa kwanza, haliwekwi chini, na mbebaji haongei na yeyote aliye hai mpaka afike. Huongea na marehemu tu, akimweleza njia. Zwelakhe, kifungua mimba, alikabidhiwa tawi asubuhi, na hakuna aliyekumbuka kwamba katika ukoo mzima ni yeye tu aliyeijua ile pikipiki. Basi dada yake Qhamukile ndiye aliyeendesha, na sasa ndiye aliyepiga magoti kwenye changarawe na spana mkononi, huku kaka mtu amekaa juu ya jiwe, tawi kifuani, mdomo kaufumba.

“Miaka thelathini unanisema mimi,” Qhamukile alimwambia. “Haya, leo sema!”

Zwelakhe akamtolea macho. Malori ya makaa yalipita bila kupunguza mwendo. Ardhi ilikuwa ya moto chini ya magoti, kama ilivyo siku zote upande ule, kwa sababu makaa yanaungua chini kwa chini na hakuna anayekuja kuyazima.

Qhamukile alitoa plagi, akaisugua, akairudisha. Cheche hakuna. Akaishika kabureta.

Zwelakhe akashindwa kuvumilia. Akaliinamia tawi. “Baba, mwambie binti yako aiache kabureta ya watu. Platini ndizo hazitoi cheche.”

“Baba, mwambie mwanao aje afanye mwenyewe.”

“Nyie watoto, mimi si tarishi wenu,” alisema Mhlabunzima kutoka kigarini. Alikuwa amekaa humo tangu langoni, kofia ya mgodi kichwani, taa yake inawaka. “Qhamu, fungua kile kifuniko cha ubavuni. Platini zimebanana. Ziachie unene wa ukucha.”

Qhamukile alizipima kwa ukucha wa kidole gumba. Pikipiki ikaitikia teke la pili. Qhamukile alilia kidogo, kwa maana sauti ile alikuwa ameitamani sana, kisha akajifuta kwa kiwiko na kupanda.

Pikipiki haikwenda. Tairi la nyuma lilirusha changarawe na kigari kikagoma. Springi zake zilikuwa zimelala kabisa na madigadi imeng’ata tairi, na baba yao alikuwa mwembamba tangu ujana. Qhamukile akazunguka kuangalia. Nyuma ya baba yake, juu ya madigadi, wengine wamepakatana, walikaa wanaume watano wenye ovaroli zilizolowa maji meusi.

Aliwajua wote. Wiki ile ile ya msiba, mgodi uliwaandikia wake zao barua kwamba wametoroka kazi.

“Hamjambo,” alisema.

“Hatujambo, binti wa Khumalo. Utusamehe kwa uzito, sisi hakuna aliyekuja kutuchukua.” Aliyesema ni Bhekifa Zungu. “Mke wangu aliambiwaje?”

“Kwamba umekimbilia mjini Benoni na mwanamke.”

Bhekifa akafikiri. “Benoni simjui mtu.”

“Alichoma nguo zako.”

“Hata suti ya harusi?”

“Ndiyo aliyoanza nayo.”

Wenzake wakacheka.

“Sitoki hapa bila watu wa zamu yangu,” Mhlabunzima alisema.

Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea. Qhamukile alivunja tawi nene la muwati, akalikata kabari, akalipachika kati ya springi na fremu na kulifunga kwa mpira wa ndani wa tairi. Penye kupanda mlima aliwashusha wale watano watembee, kwa kuwa wao hawachoki tena, na penye kushuka aliwapakia. Kwenye kila daraja Zwelakhe alisema, “Baba, tunavuka mto. Waambie na wenzako.”

Walifika jua likiwa limebakiza kiganja lizame. Mbuzi alichinjwa, mzee akakaa ndani ya nyumba kubwa, upande wa nyuma, mahali pa wazee waliotangulia, na mama alilala usiku kucha kwa mara ya kwanza. Wale watano kila mmoja alikwenda kwake.

Jumapili wake zao waliwapeleka kituo cha polisi, ili uongo wa mgodi uandikwe. Sajini aliwatazama pale kwenye benchi, maji meusi yakiwachuruzika, akawauliza majina, akaandika: *Watoro watano wamepatikana. Faili limefungwa.* Nakala ikaenda mgodini.

Jumatatu alfajiri king’ora cha mgodi kililia. Watano wakatoka majumbani mwao, maana mikataba yao ilikuwa haijaisha. Mhlabunzima aliwasikia wakipita, akainuka kutafuta taa.

“Unakwenda wapi, Mntungwa?” mkewe alimuuliza, akimwita kwa jina la ukoo.

“Nani atawaangalizia paa la mgodi?”

Mkewe alimfunga kamba za viatu. Kisha akaenda kuzitoa tena nguo nyeusi sandukuni.

Siku hizi kila Jumamosi Zwelakhe hukata tawi jipya la kuwachukulia na Qhamukile hupima platini kwa ukucha. Kigari amekiwekea springi mpya, ambazo fundi wa mjini aliapa zitabeba watu sita hata wakiwa wamelowa. Jumamosi iliyopita, walipoondoka langoni, madigadi iligusa tairi tena. Qhamukile hakugeuka. Alimsikia tu baba yake akisema, “Sogeeni kidogo, jamani, mgeni akae.”