Mahali pa Kumi pa Kuona Maua

Niliota, usiku wa kuamkia leo, kwamba mjakaranda ulibisha hodi chumbani kwangu saa sita mchana, ukiwa na bahasha ya kaki.

Sikuufahamu. Wenyewe ulinifahamu. Ulisema umetoka karibu na posta na umepanda kilima kwa miguu, nisishangae kuchelewa kwake. Ukainama usiguse dari, ukakataa kiti, ukaniuliza kama mimi ndiye Fidelis Kihwele niliyeandika kijitabu cha Mahali Kumi pa Kuona Maua Iringa.

Nilikubali, tena kwa fahari kidogo. Katika mwaka mzima tangu nihitimu shahada ya utalii, hicho ndicho kitu changu pekee nilicho na hakika kwamba mtu amekisoma. Barua za kuomba kazi sina ushahidi nazo, labda moja tu.

"Unaitwa kikaoni," mti ukasema.

Nafungua kabati nitoe shati safi, na ndani ya kabati ni ukumbi wa chuo. Wajumbe tisa wamekwisha kukaa. Ni yale maua niliyoyaandika, namba moja hadi tisa. Mwenyekiti ni bogenvilia wa uzio wa mkuu wa chuo. Katibu ni alizeti wa shamba la mafunzo, ambaye ametupa kisogo sote kwa sababu jua liko dirishani.

Malalamiko yalisomwa. Niliandika kwamba maua ya mlango wa maktaba yanamkaribisha kila mgeni, na tangu siku hiyo yanalazimika kusema karibu kila mtu anapoingia. Sauti zimekauka. Niliandika kwamba mandhari ya bustani ya kanisa haisahauliki. Mwanafunzi mmoja wa sheria aliitazama mwezi uliopita na hadi sasa hajafanikiwa kuisahau, wala hana nafasi kichwani ya kitu kingine. Alikuwa amekaa mstari wa mbele. Nilimuuliza jina lake.

"Manjano," akanijibu, "halafu nyeupe kidogo pembeni."

Niliomba radhi. Nilieleza kwamba nilikuwa na nia njema. Bogenvilia akaandika maneno hayo, nia njema, kwenye karatasi, akaikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.

"Sasa namba kumi," akasema.

Nilijua ingefika. Nilikuwa nimepata maeneo tisa tu, lakini sijawahi kuona kijitabu cha mahali tisa. Basi nikaandika: nyuma ya tangi la maji la chuo, maua meupe, tulivu, hakuna anayeyasumbua. Ni kweli hakuna anayeyasumbua. Nyuma ya tangi kuna kokoto na kipande cha bomba.

Mjakaranda ukafungua bahasha, ukasoma kwamba kuna mtu ameanza kupanda kwenda huko. Ni Bibi Twilumba, aliyefagia njia za chuo hadi alipostaafu. Nilimpita kila asubuhi kwa miaka mitatu nikikimbilia darasani, juu ya pale alipokuwa ametoka kufagia.

"Imeandikwa kwamba pana ua," bogenvilia akasema. "Kwa hiyo patakuwa na ua. Ni wewe."

Nilisema mimi si ua.

"Umepandwa chuoni miaka mitatu, umevalishwa joho, umepigwa picha, umerudishwa nyumbani kusubiri. Sisi hatuoni tofauti."

Nasimama nyuma ya tangi. Nimevaa joho la mahafali, ukosi mweupe umenizunguka shingo, mikono iko juu. Wasichana wawili wanapita na kijitabu changu. Mmoja anasema hili limesinyaa. Mwenzake anamwambia ni la mwaka jana, ya mwaka jana yote yako hivyo.

Halafu anakuja Bibi Twilumba, kigoda kichwani, akipumua kwa nguvu. Anakiweka kwenye kokoto, anakaa.

"Kamwene, ua," ananisalimu, kama tunavyosalimiana kwetu. "Mimi maua nimeyafagia miaka ishirini na minane. Ya zambarau kila Oktoba, toroli kwa toroli. Nikisimama kuyatazama, msimamizi ananiuliza, mama, umechoka? Basi sikusimama. Nimesikia hapa hakuna anayefagia."

Akanitazama. Alinitazama taratibu, kwa nafasi, bila kutaka kitu. Tangu mahafali hakuna aliyenitazama hivyo, na siku ile alikuwa mpiga picha, naye alikuwa na haraka.

"Kesho utakuwepo?" akauliza.

Kesho ilikuwa siku ya usaili Dodoma, wa kwanza kuitiwa tangu nihitimu. Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ua lenye akili lingenyamaza.

"Nitakuwepo, bibi."

Alinimwagia miguuni maji yaliyobaki kwenye chupa yake, akajitwika kigoda, akashuka.

Niliamka saa kumi na moja na nusu. Miguu yangu ilikuwa imelowa hadi kwenye vifundo. Nilikagua kwanza pale ambapo kila mtu angepakagua, katikati ya godoro; palikuwa pakavu.

Begi lilikuwa mlangoni, vyeti ndani. Nilijiambia kwamba ahadi ya ndotoni haina shahidi. Nilijiambia mara tatu, kwa ufasaha, kama ninavyojieleza kwenye barua. Kisha nikamwona akilini Bibi Twilumba akiwa amekaa kule juu, akitazama kipande cha bomba kwa heshima, akiamini kosa ni la macho yake. Nikavaa joho juu ya suruali ya usaili, nikapanda kilima hadi chuoni.

Nilipofika nyuma ya tangi nilisikia honi kule stendi, basi likiondoka na kiti changu. Nilisimama kwenye kokoto. Mikono niliiacha chini, maana nami nina aibu zangu.

Haikupita robo saa akatokea, kigoda kichwani. Maishani hatukuwahi kuongea hata siku moja. Nilimwamkia shikamoo.

Alinitazama kuanzia ukosi hadi viatu, akaweka kigoda chini, akakaa.

"Marahaba," akasema. "Jana ulichanua zaidi."

Nikainua mikono.