Deheni ya Trekta

Tsofa alishuka tena kwenye trekta, akachukua panga, akaanza kukwangua. Tope jekundu lilikuwa limegandamana kwenye bamba la chuma la mbele, nene na zito kama ugali uliosahauliwa sufuriani. Kila kipande kilianguka kwa mlio wa kofi. Alipomaliza alipanda, akasukuma mbele kidogo, na bamba likajaa upya. Likishajaa halisukumi tena, linateleza tu juu ya tope jingine.

"Leo twaoza bibi arusi au twaoza trekta?" Athmani aliuliza kutoka barazani, kikombe cha kahawa mkononi.

"Njoo ukwangue wewe, nami nije ninywe hiyo kahawa," Tsofa akamjibu.

Mwaka ule wa mvua za Elnino ardhi ilikuwa haikauki. Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo, mvua iliangusha kingo za mtaro uliochimbwa kwa ajili ya mabomba ya maji, na udongo wote ukateremka ukaijaza njia, kutoka barabara kubwa hadi mlangoni pa Bi Mwanakuu, huku Mji wa Kale. Na siku yenyewe ndiyo hiyo ambayo Mishi, mjukuu wa Bi Mwanakuu, alikuwa aozwe baada ya sala ya alasiri. Hapakuwa na kuahirisha. Mwezi wa mlisho ulikuwa ukingoni, Ramadhani ikibisha hodi.

Wageni wengine wangeweza kuvua viatu na kupita. Mmoja hakuweza. Bi Rukia, dada yake Bi Mwanakuu, ndiye aliyemlea Mishi tangu mama yake alipofariki, na tangu avunjike nyonga alikuwa akikaa Mbaraki kwa mwanawe, akitembea kwa kushikilia viti na kuta. Gari lisipofika mlangoni, hafiki. Asubuhi walimpelekea ujumbe kwamba vijana wanne watambeba kitini. Jibu likarudi upesi: "Mwambieni Mwanakuu, mimi nitabebwa siku moja tu, na siku hiyo sitakuwa na macho ya kuona haya."

Mishi naye alisema yake. Alisema polepole, mikono imejaa hina, bila kumkasirikia mtu. Watakapokuja kumuuliza kama amekubali kuozwa, hatafungua mdomo mpaka Bi Rukia awe amekaa ubavuni pake.

Ndipo Bi Mwanakuu alipogonga mlango wa chumba cha uani, alikokuwa akipanga Tsofa.

Tsofa alikuwa dereva wa trekta katika yadi moja ya malori huko Shimanzi. Kazi yake ilikuwa kuvuta matrela yaliyokwama na kusawazisha udongo, na mara nyingi siku ilikwisha bila mtu kumwita jina. Mwaka uliotangulia aliugua malaria mkewe akiwa mashambani Kaloleni. Kila asubuhi Bi Mwanakuu alimletea uji wa pilipili manga, akisema kwamba amepika ukazidi. Kila asubuhi ulikuwa umezidi. Kwa hiyo alipoambiwa habari ya njia, Tsofa hakusubiri amalize. Alikwenda kumwamsha Barnabas, msimamizi wa yadi, akampata anafunga tai.

"Chukua," Barnabas alisema. "Lakini nikitoka kanisani niikute mahali pake. Kesho alfajiri ina kazi."

Sasa jua la adhuhuri lilikuwa likichungulia mawinguni, na njia iliyosafishwa haikufika hata theluthi.

Watu wa mtaa hawakukosa dawa. Mmoja alileta ndoo ya maji ya sabuni, na bamba likateleza vizuri kwa msukumo mmoja. Mwingine akabandika majani ya mgomba, yakachanika. Tsofa mwenyewe alijaribu oili chafu ya injini. Ilisaidia kidogo, kisha tope likashika kuliko mwanzo. Bi Mwanakuu akatoka jikoni na kibuyu cha samli.

"Sufuria ikishika mimi hupaka hii," alisema.

"Bi, hiyo ni ya biriani," Tsofa akasema. "Irudishe, nakuomba. Wageni watanilaani."

Athmani akaweka kikombe chini. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kupaka vyombo vya baharini kwenye bandari ya zamani, na bado nguo zake zilikuwa na chokaa isiyotoka.

"Chuma chako kimelowa," alisema. "Mafuta juu ya maji hayakai. Chombo tukikipandisha pwani, kwanza twakichoma kwa makuti kikauke, kisha twakipaka deheni ingali moto. Chaza hawashiki. Na tope je, lina meno kuliko chaza?"

"Na deheni utaitoa wapi?"

"Shahamu iko hapo jikoni, mbuzi wamechinjwa jana. Chokaa na sifa ya papa ninazo nyumbani. Nataka moto tu."

Moto wote ulikuwa umebeba masufuria. Wapishi wakaanza kunung'unika hata kabla hawajaombwa. Bi Mwanakuu hakubishana nao. Alifunga leso kiunoni, akashika sufuria ya nyama upande mmoja, akamwashiria mpishi mkubwa ashike upande wa pili, wakaitua.

"Nyama itangoja," alisema. "Dada yangu hajui kungoja."

Shahamu ikayeyushwa, chokaa ikakorogwa ndani yake, na mwisho Athmani akamimina sifa, yale mafuta ya papa aliyoyaweka miaka mingi kwenye debe. Makuti yakachomolewa kwenye kibanda cha wapishi. Tsofa akalikwangua bamba hadi likawa tupu, akalifuta kwa gunia, akapitisha kienge cha makuti chini na juu mpaka chuma kikaacha kutoa mvuke. Kisha wawili hao wakapaka kwa matambara, Athmani akisifu kila mpako kama anayempaka mtoto mafuta.

Tsofa akapanda na kuingiza gia. Tope likasogea. Likajikunja mbele ya bamba kama mkeka unaokunjwa, likaenda hadi kando, na aliporudi nyuma bamba lilikuwa safi, linang'aa, halina hata donge. Watu wakapiga makofi. Athmani akainua kikombe chake, ingawa kahawa ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo harufu ilipowafikia.

Harufu ya sifa iliyochomwa na moto haikuwa ya kusema naam, naisikia, kisha ukaisahau. Iliingia madirishani, ikapanda ngazi, ikakaa kwenye mapazia. Dirisha la juu likafunguliwa kwa kishindo, na somo wa Mishi, kungwi wake, akatoa kichwa.

"Ni nani huyo? Juma zima namfukiza mwana udi, nanyi mwaniletea papa mlangoni?"

Athmani akakuna kidevu. "Baharini upepo huichukua," alisema. "Hili sikulifikiri."

Tsofa akazima injini. Alimtazama Bi Mwanakuu, ambaye alikuwa ameziba pua kwa ncha ya leso, mabega yakimtikisika. Alidhani analia. Kumbe anacheka.

"Washa, mwanangu," alisema. "Harufu tutaijibu sisi."

Akaita vyetezo vyote vya nyumbani na vya majirani. Wanawake wakatoka na buibui zao, wakajipanga huku na huku kwa trekta, udi na ubani ukifuka, na kila Tsofa aliposukuma nao walisogea pamoja naye, wakiimba, wakikohoa, wakichekana. Moshi ukamfunika dereva hata yeye mwenyewe akanukia.

Barnabas alipotokea kona ya njia, Biblia kwapani, suti yake imepigwa pasi, alisimama akiutazama msafara.

"Tsofa," alisema, "trekta yangu inaolewa?"

"Nisamehe, mzee. Nilikuwa nairudisha sasa hivi."

Barnabas alitazama kipande kilichobaki, kisha akatazama juu, madirisha yamejaa nyuso. Akavua viatu, akamkabidhi Bi Mwanakuu Biblia aishike pakavu, akakunja suruali.

"Lete upande huu," alisema. "Hapo kuna jiwe, utaligonga. Nifuate mimi."

Bi Rukia alifika adhana ya alasiri ikianza. Gari lilipita polepole katikati ya kuta mbili za tope, likasimama mlangoni kabisa. Alitoka kwa miguu yake, mkono mmoja begani kwa mwanawe, akavuta pumzi, akakunja uso.

"Mwanakuu, mmepika nini?"

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Alisikiliza, kisha akamtazama Tsofa aliyejificha nyuma ya usukani, tope hadi kwenye nyusi.

"Wewe ndiwe yule ambaye dada yangu humpikia ukazidi?"

"Ndimi, Bi."

"Shuka ule. Leo pia umezidi."

"Nitarudi, Bi. Hii nimeiazima."

Bibi mzee akaitikia kwa kichwa, akageuka kuzikabili ngazi, akizipanda moja moja, hataki kusaidiwa. Tsofa alikuwa bado anageuza trekta wakati wanaume waliotumwa kuchukua idhini ya Mishi walipopanda ngazi nyuma ya Bi Rukia. Huko juu Mishi akaulizwa. Kisha vigelegele vikamwagika kutoka madirisha yote.

Tsofa akashika njia ya Shimanzi, Barnabas amesimama nyuma yake, viatu mkononi. Manyunyu yalikuwa yameanza tena. Walipofika barabara kubwa Barnabas alimgusa bega, akamwonyesha nyuma.

Paka wa Mji wa Kale walikuwa wanakuja. Weupe, wa madoa, mmoja mwenye sikio lililokatika, wametoka chini ya ngazi na kwenye mabaraza, mikia juu, pua mbele, bila haraka wala kugombana, wakilifuata bamba lile kana kwamba wamealikwa. Tsofa akapunguza mwendo wasiachwe.